Maksi Kumi na Mbili

Kosa la Dobi lilikuwa shati jeupe.

Mtaa mzima ulimwita hivyo tu, Dobi, kwa sababu chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga kilijaa meza ya kupigia pasi, pasi mbili za mkaa na marundo ya nguo za watu. Pembeni ya meza hiyo palikuwa na meza nyingine, ndogo, na hapo alikaa mumewe na kioo cha kukuzia jichoni, akitengeneza saa. Yeye aliitwa Fundi. Alikuwa mgonjwa wa akili mwaka wa tisa sasa, na kwa miaka miwili ya mwisho alikuwa akichomwa sindano moja kila mwezi katika zahanati ya mtaani. Sindano hiyo ilimtosha. Akichomwa alikuwa mume, fundi, na mtani wa mtaa. Akiikosa, saa zilianza kumsengenya.

Siku ya kliniki Dobi alimwandaa mumewe kama bwana harusi. Alimchemshia maji ya kuoga, akamkata kucha, akamnyoa ndevu, akamvalisha suruali yenye mstari wa pasi na shati jeupe lililotiwa wanga. Hakuna aliyemtuma. Lakini alikuwa amekwisha kuona wanavyowatazama wagonjwa wa akili pale zahanati, na akaapa kwamba wa kwake hawatamtazama hivyo. Kama kuna kitu kimoja duniani alichokuwa na uwezo nacho, ni kumfanya mtu apendeze.

Mwezi ule walikuta zahanati imebadilika. Nje palikuwa na turubai, viti vipya vya plastiki, na bango refu kuliko ukuta lenye maneno: MPANGO WA TAIFA WA AFYA YA AKILI, HUDUMA KWA KILA MMOJA. Ndani, kwenye meza ya Sista ambaye kwa miaka miwili alikuwa ndiye anayemchoma Fundi sindano, alikaa kijana mmoja nadhifu mwenye fulana ya mpango na kitambulisho shingoni. Huyo ndiye Mratibu. Sista mwenyewe alikuwa amesogezwa kwenye kigoda karibu na sinki, kama mgeni ndani ya chumba chake.

"Anaoga?" Mratibu aliuliza, macho kwenye fomu.

"Kila siku," Dobi akajibu kwa majivuno.

"Mavazi?" Hapo Mratibu akainua uso, akaliona lile shati. "Mavazi safi kabisa, hongera. Kazi?"

"Natengeneza saa," Fundi akasema. "Hiyo yako mkononi iko nyuma dakika nne."

Mratibu akacheka, akaitazama saa yake. "Analala?"

"Mpaka anakoroma."

"Amewahi kupiga mtu?"

Dobi naye akacheka. "Huyu? Huyu mbu anamwomba radhi kwanza. Hajawahi kuninyanyulia mkono, si mzima, si mgonjwa. Baba yake alikuwa anampiga mama yao mpaka majirani wanavunja mlango. Huyu akaapa hatakuwa vile, na hajawa."

Mratibu alijumlisha. Akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno yale mara nyingi, kwamba fomu ina maswali matano, kila swali maksi tatu, na maksi nyingi ndiyo ugonjwa mwingi. Anayefika kumi na mbili anapewa sindano. Fundi alipata moja.

"Mama, hongera sana. Mgonjwa wako amehitimu!"

Wakampigia makofi. Kweli, walipiga makofi, karani na mlinzi na wote. Wakampa Fundi cheti chenye nembo na kumpiga picha amekishika kifuani, na lile shati likang'aa kwenye picha kama la tangazo la sabuni.

"Na sindano ya leo?" Dobi akauliza.

"Sindano ni za wagonjwa, mama. Huyu ni mhitimu."

Sista aliinamisha kichwa, akaanza kupanga pamba ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Dobi alimwona, lakini hakutaka kuelewa. Alikuwa amefurahi. Miaka tisa hakuna mtu mwenye kitambulisho shingoni aliyewahi kumpongeza kwa jambo lolote, na sasa amepongezwa mbele ya watu. Walirudi nyumbani wakitaniana njia nzima, naye akakinyoosha cheti kwa pasi ya vuguvugu, akakitundika ukutani, mahali ambapo wateja wangekiona.

*

Wiki ya sita Dobi alitoka kuanika nguo, akarudi ndani akakuta beseni la kulowekea limejaa saa.

Zilikuwa saa za wateja, kumi na moja, tisa za mkononi na mbili za ukutani, zimelala chini ya maji ya sabuni. Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, sikio lake karibu na povu.

"Zimenyamaza," akanong'ona. "Dobi, sikiliza. Zimenyamaza."

"Fundi, hizi ni za watu."

"Ndiyo maana zilikuwa zinajua mambo yetu."

Dobi aliingiza mikono, akaanza kuzitoa moja moja na kuzipanga juu ya taulo. Hakumgombeza. Miaka hiyo yote alikuwa amejifunza kwamba kugombana na ugonjwa ni kujichosha bure. Badala yake walikuwa na mtindo wao, wa wawili tu: Fundi akisikia jambo, anamuuliza mtu, na mtu akisema halipo, basi halipo, hata kama yeye analisikia waziwazi. Kwa sindano, mtindo huo ulifanya kazi. Sasa haukufanya tena.

"Hazisemi kitu, Fundi. Nimekuambia."

"Wewe huzisikii kwa sababu zinakupenda."

Mchana ule wenye saa walikuja. Wengine walitukana, wengine walichukua zilizolowa bila neno, na hao wasiosema neno ndio waliomuuma Dobi zaidi. Mmoja alikisoma cheti ukutani kwa sauti, neno kwa neno, kisha akacheka kwa pua. Dobi akakitoa, akakitia chini ya godoro.

Habari zilimfikia shemeji yake, kaka mkubwa wa Fundi, dereva wa lori. Alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni na funguo mkononi kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa.

"Shemeji, mimi sina ubaya na mdogo wangu. Lakini leo ni saa, kesho atachoma nyumba ya watu."

"Anahitaji sindano tu. Nitaipata."

"Dukani?"

"Nimezunguka maduka yote ya dawa. Hayana. Moja lilikuwa nayo, bei yake ni kodi ya miezi miwili."

"Basi." Shemeji aliyashusha macho. "Chumba cha nyuma nyumbani kwa wazee kipo. Jumamosi nakuja na gari."

Dobi alikijua kile chumba. Fundi alikaa humo mwaka mzima kabla hawajaoana, amefungwa mguu kwenye nguzo, na mpaka leo kifundo cha mguu wake wa kushoto kina ukanda usioota nywele. Alitoka humo hajui kushika kijiko.

"Shemeji, hutamfunga mume wangu."

"Hebu niambie basi nifanye nini!" Dereva alipaza sauti, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Niambie. Mimi ni dereva, si daktari. Nina kamba, sina sindano."

Ilikuwa Jumatatu.

*

Jumanne alfajiri Dobi alikuwa wa kwanza getini. Mlinzi alimwambia mpango wa akili uko dirisha la tatu. Dirisha la tatu wakamwambia la kwanza. Dirisha la kwanza karani aligonga vitufe vya kompyuta, akatikisa kichwa.

"Jina lake halipo kwa wagonjwa. Lipo kwa wahitimu."

"Lirudishe kwa wagonjwa."

"Mhitimu harudi, mama. Inabidi aandikishwe upya kama mgonjwa mpya."

"Mwandikishe."

"Wapya ni Alhamisi. Na aje mwenyewe, na barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba ni mgonjwa."

"Ninyi mlimtibu miaka miwili! Mwenyekiti anajua nini kuhusu ugonjwa?"

"Mama, usinipigie kelele. Mimi sikuandika huo utaratibu."

Dobi alijiuliza ni nani hasa aliyeuandika, maana tangu asubuhi alikuwa hajakutana na mtu aliyeandika kitu. Kila mmoja alikuwa ameukuta. Ungedhani umenyesha kutoka mbinguni, ukaingia kwenye kompyuta wenyewe. Alisimama pale dirishani mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna, na wakati anatoka Sista akamshika mkono na kumvuta nyuma ya jengo, kwenye bomba la kufulia mashuka.

"Dada, nisikilize, halafu sikukuambia mimi. Dozi zililetwa mia. Wagonjwa wetu wako zaidi ya mia tatu. Wakubwa wakasema tupunguze watu. Ndiyo hiyo fomu."

"Mabango yaliletwa mangapi?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza, Sista. Fulana ngapi? Viti vingapi?"

"Unadhani haviniumi?" Sista alitazama huku na huku. "Wahitimu mia mbili na kitu ndani ya mwezi mmoja, na takwimu zetu zinasomwa kwenye mikutano kwamba tunaponya kuliko wote. Sasa sikiliza. Alhamisi usimlete amenyooka vile."

"Vile vipi?"

"Vile ulivyomleta. Wao hawakumwona mumeo siku ile, dada. Waliona shati."

Hasira ilimpanda Dobi taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye sufuria. "Unaniambia nimchafue mume wangu."

"Nakuambia afike kumi na mbili," Sista akasema, akageuka, akarudi ndani.

*

Alhamisi Fundi aliamka akaliendea beseni mwenyewe. Kwa maradhi yote yale, siku ya kliniki aliijua.

"Leo hatuogi," Dobi akamwambia.

"Tunaenda kwa Sista?"

"Tunaenda."

"Bila kuoga?"

"Bila kuoga."

Fundi alimtazama muda mrefu. Siku tano hizo alikuwa hajalala vizuri, na ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, lakini macho yake yalikuwa yale yale yanayoona skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele. "Umenichoka?" akauliza.

"Sijakuchoka. Kaa hapa."

Alikuwa amechagua shati la kitambo, la kufanyia usafi. Lakini shati lenyewe, ingawa lilikuwa limechakaa, lilikuwa safi, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na nguo chafu ya kwao hata moja. Ilibidi alichafue. Akamwaga majivu ya pasi sakafuni, akalikanyaga shati juu yake kwa miguu yote miwili, akalimwagia maji machafu ya beseni, akalikunja likiwa bado bichi ili litoe harufu. Mikono yake ilikataa. Kila ilipolishika ilitaka kulikung'uta. Kwa miaka ishirini mikono ile ilikuwa imetoa uchafu wa watu wote wa mtaa, damu, matapishi, grisi, na sasa ilikuwa inatia uchafu kwa makusudi kwenye kifua cha mtu wake.

"Hapo kuna doa," Fundi alimwonyesha, akidhani hajaliona.

"Naliona."

"Hulitoi?"

"Nitalitoa tukirudi."

Akampaka majivu shingoni na nyuma ya masikio, mahali alipozoea kupasugua kwa kitambaa. Fundi alifumba macho na kuinua kidevu, kwa utiifu ule ule wa siku zote, na Dobi akawalaani wote kwa mpigo, wa dirisha la kwanza mpaka la tatu, na aliyeandika, na aliyepiga muhuri.

Njiani watu waliwatazama. Jirani mmoja muuza vocha akawaita kwa sauti ya masihara, "Dobi, leo sabuni imeisha?" Akajibiwa neno ambalo Dobi hakuwahi kulisema hadharani maisha yake yote.

*

Foleni ya wagonjwa wapya ilizunguka turubai mara mbili. Mbele ya Dobi alikaa mama mmoja wa makamo na binti yake mkubwa, ambaye alikuwa anajitikisa na kuimba kwa sauti ya chini. Watu waliacha viti viwili vitupu upande wa Fundi kwa sababu ya harufu. Dobi alilitambua jicho walilomtazama nalo. Ndilo alilokuwa amemkinga nalo kwa miaka miwili ya mashati.

"Wako anapiga?" yule mama akamuuliza, kama anauliza umri.

"Hapigi."

"Hata kidogo?"

"Hajawahi."

Mama akamtazama kwa huruma. "Basi utarudi naye nyumbani. Mwezi uliopita nilisema wangu hapigi, nikarudi naye. Hilo swali la tano ndilo linalobeba mtu. Leo nasema aliniuma." Akakunja mkono wa gauni, akaonyesha alama za meno. "Nimejiuma mwenyewe asubuhi."

Ilipofika zamu yao, Mratibu hakuwakumbuka. Aliipokea barua ya mwenyekiti, akafunika pua kwa kitambaa na kuanza. Usafi, tatu. Mavazi, tatu. Kazi, Dobi akaeleza habari za beseni, tatu.

"Analala?"

"Kidogo sana, anashtuka shtuka..."

"Kidogo ni mbili."

"Halali kabisa basi."

"Umesema kidogo, mama, nimekwisha kuandika." Akajumlisha kwa kidole. "Kumi na moja mpaka hapo. Amewahi kupiga mtu?"

Dobi alimtazama mumewe. Fundi alikuwa ameketi kando, shingo ameipinda kuelekea saa ya ukutani, midomo inacheza, anabishana nayo. Hayupo hapa, Dobi alijiambia. Hasikii. Na leo ni Alhamisi, na keshokutwa ni Jumamosi, na chumba cha nyuma kina nguzo moja katikati.

"Amenipiga," akasema.

"Lini?"

"Juzi."

"Kuna alama?"

Juu ya kiwiko alikuwa na kovu bichi la pasi, la wiki iliyopita, jekundu bado. Akalifunua. Mratibu alilitazama kwa mbali, akaandika tatu, akapiga mstari. "Kumi na nne. Ungesema hilo mapema tusipoteze muda. Sista!"

Sista alikuja na sindano. Fundi alipochomwa aligeuza uso kutoka kwenye saa, akamtazama mkewe, na kope zake zilikuwa zimetulia kabisa.

"Nilikupiga?" akauliza.

*

Jumamosi shemeji alikuja na lori, akamkuta mdogo wake amelala usingizi mzito, ameoga, shuka safi mpaka kifuani. Alisimama juu yake kidogo, akamshukuru Dobi, akaondoka na gari tupu. Ushindi ulikuwa huo. Baada ya siku kumi Fundi aliketi tena kwenye meza yake. Wateja wachache walirudi, na mteja mmoja mwenye saa ya dhahabu bandia alirudi wa kwanza.

Lakini utani haukurudi. Fundi alikuwa anakaa na mikono chini ya mapaja akiwa hana kazi. Akitaka kupita nyuma ya Dobi alisema kwanza, "Napita." Akimpa kikombe alikiweka mezani na kurudi nyuma hatua mbili, ndipo mkewe akichukue. Dobi aliyaona hayo, akayaita uchovu wa dawa, mpaka mchana mmoja alipokunja mikono ya gauni kwa ajili ya joto la pasi, na Fundi akakiacha kioo chake, akaja kulitazama lile kovu.

"Pole," akasema.

"La pasi hili, Fundi. Ulikuwepo. Niliungua nikapiga kelele ukanipaka mafuta."

"Pole sana, mke wangu."

"Hujanipiga. Nilidanganya ili wakuchome sindano. Unanisikia? Hujanipiga, hujawahi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kwa upole wa mtu anayemshukuru anayemficha aibu. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Kichwa changu kikisema jambo, nisikiamini, niulize watu. Kichwa kinaniambia sikukupiga. Nikawauliza watu. Wakasema nilikupiga, na wewe ulisema, na imeandikwa."

"Nimekuambia nilidanganya!"

"Hata kama nilikupiga, kwa unavyonipenda," Fundi akasema, "ungesema hivyo hivyo."

Dobi aliipiga pasi chini kwa nguvu hata mkaa ukaruka. Mtindo waliojengea maisha yao, ule wa wawili tu, watu wa fomu walikuwa wameupindua katika dakika tano, tena kwa mdomo wake mwenyewe.

*

Fomu ilikuwa inajazwa upya kila mwezi. Dobi alimchafua tena, majivu yale yale, na safari hii Fundi hakuuliza kitu wala kuonyesha doa. Alinyoosha shingo tu apakwe. Alidhani ni sehemu ya adhabu.

"Usafi, tatu," Mratibu akasema. "Mavazi, tatu. Kazi?"

"Amerudi mezani kidogo," Dobi akasema. Kukana kungekuwa uongo wa bure, mikono ya Fundi ilikuwa na mafuta ya saa.

"Mbili. Analala?"

"Analala, anashtuka."

"Moja. Tisa mpaka hapo. Amempiga mtu mwezi huu?"

"Hapana," Fundi akasema kabla mkewe hajafungua mdomo. Alikuwa amesimama. Sauti yake ilitetemeka kwa kitu kilichofanana sana na furaha. "Siku ishirini na nane sijamgusa. Nimehesabu. Nikimpa kitu naweka mezani. Mwulize mwenyewe."

Mratibu akamgeukia Dobi. Sista, kwenye kigoda chake, aliacha alichokuwa anafanya.

"Hajawahi kunipiga," Dobi akasema. "Andika hivyo. Si mwezi huu, si mwezi ule, si siku yoyote. Ile alama ilikuwa ya pasi, na walionipiga ni ninyi. Mlimpa cheti akaugua, nikaja mkanizungusha madirishani, mkanitaka nimpake majivu mume wangu kama mzoga, na bado hayakutosha, mkataka nimwite mpigaji. Nikamwita. Mume gani mwenye akili timamu mtaani kwetu hajawahi kumzaba mkewe hata kibao? Huyu hajawahi! Andika! Huyu ni mgonjwa, ni mpole, ni fundi, anaoga kila siku kwa sababu mimi nipo, na anahitaji sindano. Yote hayo ni kweli kwa wakati mmoja. Kisanduku cha kuandika hayo kiko wapi kwenye karatasi yako?"

Fundi alikuwa amemgeukia mkewe mwili mzima, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze, uso wake ulikuwa umefunguka. Aliamini. Dobi aliona kwa macho yake jinsi alivyoamini.

"Mama, pole kwa hasira," Mratibu akasema, naye si kwamba alisema vibaya, alikuwa na sauti ya kufundishwa. "Kwa hiyo swali la tano ni sifuri. Jumla tisa. Kwa utaratibu, chini ya kumi na mbili, amehitimu." Akavuta droo, akatoa cheti kipya, akalowesha muhuri kwenye wino. "Na safari hii naomba msikose picha."

Muhuri uliinuka. Dobi aliutazama ukiwa hewani, na nyuma yake akaliona beseni, na nyuma ya beseni lori limesimama mlangoni, na mguu wa kushoto wa mumewe.

"Subiri," akasema.

Mratibu alisubiri.

"Amenipiga."

"Umesema sasa hivi hajawahi."

"Naogopa kusema mbele yake." Maneno yalimtoka makavu, moja moja. "Tukifika nyumbani atanipiga tena. Ndiyo maana nimesema vile. Amenipiga."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Mratibu aliurudisha muhuri kwenye droo, akaandika tatu, akajumlisha, kumi na mbili kamili. Dobi hakugeuka kumtazama mumewe. Alisikia tu kiti kikilia kidogo Fundi alipoketi tena, kisha kifungo cha shati kikifunguliwa, na cha pili, mpaka bega likawa wazi.

"Sista," Fundi akauliza polepole, "hakuna yenye nguvu kuliko hii?"

Sista alikuwa anapasugua pale begani kwa pamba, anasugua tu, ingawa majivu yalikuwa yamekwisha kutoka.